Korona: Kufungiwa nyumbani, na mtoto mwenye otisimu atatembea wapi?

Tangu tarehe 24 mwezi wa tatu mwaka 2020, siku Raisi Félix Tshisekedi alipotangaza hali ya dharura kwa sababu ya virusi vya korona, amri zilizotoka Kinshasa na katika majimbo zilimwambia kila mtu maneno yale yale: baki nyumbani, epuka makundi, nawa mikono, vaa maski. Zilikuwa amri zenye maana. Lakini ziliandikwa kana kwamba watu wote ni sawa, na kulikuwa na nyumba ambamo mtoto mmoja hakuweza kuzitii hata akitaka. Zilikuwa nyumba zenye mtoto mwenye otisimu, hali ambayo wenzetu wa Tanzania na Kenya wanaiita usonji.

Kwa mtoto wa namna hiyo, kutembea nje kila siku ni sehemu ya matunzo yake, kama dawa kwa mgonjwa wa kifafa. Shule ikifungwa, njia yake ya kila asubuhi ikikatwa, na mlango wa nyumba ukifungwa pia, mzazi anabaki na maswali mawili: mtoto atatoka saa ngapi, na atatembea mahali gani bila kukamatwa, kutukanwa wala kupatwa na ajali?

Si Congo pekee iliyokutana na maswali hayo. Uhispania, Ufaransa na Uingereza zilifunga wakaaji wao kwa ukali mwezi wa tatu, na zote tatu, kabla ya katikati ya mwezi wa nne, zilikuwa zimeandika ruhusa ya pekee kwa ajili ya watoto hawa. Njia zilizofuata, na matatizo yaliyotokea baada ya ruhusa kutoka, yana somo kwa Goma, Bukavu, Bunia, Uvira na Lubumbashi.

Kwa nini nyumba haitoshi

Wakati huo shirika la afya duniani, OMS, lilikadiria kwamba mtoto 1 kati ya 160 duniani ana otisimu. Si ugonjwa wa kuambukiza, na hauletwi na malezi mabaya. Ni namna ubongo unavyokua tangu utotoni. Watoto wenye hali hii hawafanani: mmoja hasemi hata neno, mwingine anasema sana lakini hafahamu mzaha, mmoja anaziba masikio akisikia jenereta, mwingine hawezi kuvumilia nguo fulani kwenye ngozi.

Jambo moja linaonekana kwa wengi wao: wanashikilia mpango wa siku. Kuamka, kunywa chai, kuvaa yunifomu, kupita njia ile ile, kufika shuleni. Mpango huo ndio unaowapa utulivu. Mtu mzima anaweza kuelezwa kwamba kuna virusi, kwamba mambo yatarudi kama zamani. Mtoto asiyefahamu maelezo hayo anaona tu kwamba dunia yake imevunjika ghafla bila sababu. Ndipo kelele zinapoanza, usingizi unapotea, na wengine wanajipiga kichwa ukutani au kumuuma aliye karibu.

Mwili kusogea ni dawa kubwa dhidi ya hali hiyo. OMS inashauri kila mtoto wa miaka 5 hadi 17 afanye mazoezi angalau dakika 60 kwa siku. Kwa mtoto mwenye otisimu, kutembea, kukimbia, kuruka au kubembea kunapunguza wasiwasi na kunamrudishia usingizi. Wazazi wanajua hilo kabla ya kuambiwa na mganga: siku mtoto aliyotembea, usiku nyumba yote inalala.

Tena, mtoto aliyefungiwa hatulii mlangoni. Uchunguzi uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2012 katika gazeti la waganga wa watoto, Pediatrics, uliuliza familia za watoto zaidi ya 1200 wenye otisimu. Karibu nusu ya watoto hao, yaani 49 kwa 100, walikuwa wamejaribu kutoroka angalau mara moja baada ya kufikisha miaka 4. Hatari mbili zilizotajwa na wazazi wa waliopotea ni barabara yenye magari na maji. Kwa miji iliyojengwa kando ya ziwa Kivu na ziwa Tanganyika, neno hilo la mwisho halihitaji maelezo.

Kwa hiyo mzazi anayemfungia mtoto ili kutii amri anaweza kumtia katika hatari kubwa kuliko ile anayokwepa.

Uhispania: ruhusa ilitoka, madirisha yakabaki

Uhispania ilitangaza hali ya dharura tarehe 14 mwezi wa tatu. Kwa muda wa wiki sita watoto hawakuruhusiwa kutoka kujinyoosha hata kidogo. Mwenye mbwa alikuwa na haki ya kumtembeza, mwenye mtoto hapana. Ni tarehe 26 mwezi wa nne tu ndipo watoto wasiofikisha miaka 14 waliporuhusiwa kutoka saa moja kwa siku, katika kilometa moja kutoka nyumbani.

Lakini kwa watoto na watu wazima wenye otisimu, serikali haikungojea wiki sita. Mnamo tarehe 19 mwezi wa tatu, siku tano tu baada ya tangazo, wizara ya afya ilitoa maagizo: mtu mwenye ulemavu ambaye tabia yake inavurugika kwa kufungiwa anaweza kutoka pamoja na mtu anayemsindikiza, mradi wafuate masharti ya kuepuka maambukizi. Otisimu ilitajwa kwa jina.

Karatasi hiyo ilizuia polisi. Haikuzuia majirani. Katika miji mbalimbali ya Uhispania, wazazi waliotoka na watoto wao walitukanwa kutoka madirishani na kwenye baraza za ghorofa na watu waliodhani kwamba wanavunja sheria. Waliotukana hawakuwa wote watu wabaya. Walikuwa na hofu, walikuwa wamefungiwa nao, na otisimu haionekani usoni. Mtoto anayekimbia na kupiga makofi hewani anaonekana kwa mbali kama mtoto yeyote anayecheza wakati wengine wamekatazwa.

Baadhi ya familia ziliamua kumvalisha mtoto kitambaa cha bluu mkononi ili majirani wajue. Hapo mabishano yakaanza. Kwa wengine, kitambaa kilileta amani. Kwa wengine, pamoja na mashirika yanayotetea watu wenye otisimu, kumwekea mtoto alama ili asitukanwe ni kumwadhibu yeye badala ya anayetukana. Haki iko katika sheria, walisema, haiko kwenye kitambaa.

Mabishano hayo yanafaa kukumbukwa. Yanaonyesha kwamba kuandika ruhusa ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhakikisha kwamba anayemwona mtoto barabarani amekwisha kuisikia.

Ufaransa na Uingereza: saa moja, kilometa moja, mara moja

Ufaransa ilifunga watu wake tarehe 17 mwezi wa tatu. Kila aliyetoka alipaswa kubeba karatasi inayoeleza sababu, na asiyekuwa nayo alitozwa euro 135. Wiki moja baadaye masharti yalikazwa: kutembea au kufanya mazoezi ni mara moja kwa siku, kwa saa moja, bila kupita kilometa moja kutoka nyumbani.

Kwa familia zenye mtoto mwenye otisimu, kila kimoja cha vipimo hivyo kilikuwa kizuizi. Saa moja ni fupi kwa mtoto anayehitaji kutembea asubuhi na jioni. Kilometa moja katikati ya mji inaweza kuwa kilometa ya kelele na watu tu, wakati mahali patulivu anapopajua mtoto ni mbali zaidi. Tarehe 2 mwezi wa nne, siku ambayo Umoja wa Mataifa umeiweka kuwa siku ya otisimu duniani, Raisi Emmanuel Macron alitangaza kwamba watu wenye otisimu wanaweza kutoka mara nyingi zaidi na kwenda mahali walipozoea. Karatasi ya pekee ikatayarishwa kwa watu wenye ulemavu na wanaowasindikiza, isiyo na kipimo cha saa wala cha kilometa.

Uingereza mambo yalipitia njia nyingine. Waziri wa kwanza Boris Johnson alitangaza tarehe 23 mwezi wa tatu kwamba watu wanaweza kutoka kufanya mazoezi mara moja kwa siku. Familia mbili zenye watoto wenye otisimu ziliwaendea wanasheria. Hoja yao ilikuwa nyepesi: sharti moja kwa wote halimaanishi usawa, kwa sababu uzito wake hauwafikii wote kwa kipimo kimoja, na sheria ya inchi inakataza kumbagua mwenye ulemavu. Barua iliandikwa kwa serikali. Kabla ya kesi kufika mbali, tarehe 8 mwezi wa nne, serikali ilibadilisha maelezo yake: mtu ambaye afya yake inadai atoke anaweza kutoka, hata kwenda mbali na mtaa wake, na mfano uliotolewa ni wa watu wenye otisimu wanaohitaji kufanya mazoezi mahali peupe mara mbili au tatu kwa siku.

Kuna jambo katika habari hiyo ya Uingereza ambalo wengi hawakuliona. Kanuni zenyewe za England, zile zenye nguvu ya sheria, hazikuwa zimeandika popote maneno "mara moja kwa siku". Yalikuwa katika hotuba na katika maelezo ya serikali. Lakini polisi na wakaaji walishika yale waliyoyasikia kwenye televisheni. Mzazi aliyekuwa na haki kisheria alijifungia na mtoto kwa kuogopa hotuba. Congo inajua vizuri tofauti hiyo kati ya amri iliyotiwa sahihi na amri inayotembea mdomoni.

Kwa majirani zetu

Barani Afrika pia milango ilifungwa, na mahali pengine kwa ukali kupita Ulaya. Afrika Kusini, kuanzia tarehe 27 mwezi wa tatu, ilikataza mazoezi yote nje ya nyumba. Ilipofika tarehe 1 mwezi wa tano ikaruhusu kutembea na kukimbia kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, katika kilometa tano kutoka nyumbani. Rwanda iliwafunga wakaaji wake kuanzia usiku wa tarehe 21 mwezi wa tatu hadi tarehe 4 mwezi wa tano. Mipaka ikafungwa, na wakaaji wa Goma na Bukavu wakaona Gisenyi na Cyangugu zimekuwa mbali ghafla.

Uganda ilitoa mfano ambao wengi waliucheka, lakini una maana katika jambo hili. Mwezi wa nne, baada ya makundi ya watu kuonekana yakikimbia barabarani Kampala, Raisi Yoweri Museveni alikataza mazoezi ya nje, kisha akatoa video akionekana akikimbia na kupiga pushapu ndani ya ofisi yake. Ujumbe ulikuwa: kila mtu anaweza kufanya hivyo nyumbani. Ofisi ya raisi, hata hivyo, ina nafasi ya kukimbia. Chumba kimoja cha kupanga ambamo wanalala watu saba hakina nafasi hiyo. Na mtoto ambaye utulivu wake unatokana na njia ile ile ya kila siku hawezi kupewa pushapu badala yake.

Goma na Bukavu: mlango uko wazi, lakini unaelekea wapi?

Congo yenyewe haikufunga inchi yote. Lubumbashi na Kasumbalesa zilifungwa saa 48 mwishoni mwa mwezi wa tatu. Mtaa wa Gombe, Kinshasa, ulifungwa kuanzia tarehe 6 mwezi wa nne. Mji wa Goma ulitengwa na sehemu nyingine za Kivu ya Kaskazini. Kwa miji mingi ya mashariki, mtu bado aliweza kufungua mlango na kutoka. Ndiyo maana wengine wangeweza kusema kwamba jambo la Madrid au Paris halikutuhusu.

Lilituhusu, kwa njia nyingine. Shule zote zilifungwa kuanzia tarehe 19 mwezi wa tatu mwaka 2020, pamoja na zile chache zinazopokea watoto wenye ulemavu. Kwa mtoto mwenye otisimu aliyekuwa na bahati ya kupata shule, uwanja wa shule ulikuwa mara nyingi nafasi pekee yenye ukuta, yenye mtu anayemwangalia na isiyo na magari. Makanisa, ambayo viwanja vyao vilikuwa vikisaidia pia, nayo yalifungwa. Makundi ya watu zaidi ya 20 yalikatazwa.

Kilichobaki ni barabara, na barabara za miji yetu si mahali pa mtoto anayekimbia bila kutazama. Goma, pikipiki zinapita kwenye avenyu ndogo kama kwenye barabara kubwa, na mawe ya volkano ya mwaka 2002 bado yanakata miguu katika mitaa mingi. Bukavu, Kadutu imejengwa juu ya mlima, nyumba juu ya nyumba, na njia za miguu zinapita kando ya makorongo. Ufuo wa ziwa, ambao ungeweza kuwa mahali pa hewa na utulivu, sehemu kubwa umeshikwa na nyumba za watu binafsi na mahoteli. Panapobaki wazi, pana watu wanaochota maji, wanaofua, na hakuna kizuizi kati ya mtoto na maji.

Halafu kulikuwa na maski. Kinshasa ilikuwa lazima kuivaa kuanzia tarehe 20 mwezi wa nne mwaka 2020, na asiyevaa alitozwa faranga 5000. Miji ya mashariki nayo ilichukua njia hiyo. Mtoto asiyevumilia hata kola ya shati hataweza kuvumilia kitambaa mdomoni na kamba nyuma ya masikio. Ataitoa, ataitupa, ataomboleza. Polisi anayemsimamisha mzazi wake ataona uso usiofunikwa, basi. Ufaransa, ilipoanza kulazimisha maski katika magari ya abiria tarehe 11 mwezi wa tano, iliandika katika amri ile ile kwamba sharti hilo haliwahusu watu wenye ulemavu walio na karatasi ya mganga. Ni mstari mmoja tu.

Na majirani wetu je? Hapa hakuna watu wa kutukana kutoka ghorofani, lakini kuna macho ya avenyu. Mtoto asiyesema, anayezunguka, anayecheka peke yake au kupiga kelele bila sababu inayoonekana, wengi hawasemi kwamba ana otisimu. Wanasema ana pepo. Wengine wanasema ni mchawi. Wakati wa ugonjwa usiofahamika, maneno hayo yanakuwa hatari zaidi, kwa sababu watu wenye hofu wanatafuta wa kulaumu. Sheria ya mwezi wa kwanza mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaadhibu kumshitaki mtoto uchawi, lakini sheria hiyo inajulikana zaidi katika ofisi za mashirika kuliko kwenye avenyu. Ndiyo sababu familia nyingi zilikuwa zinamficha mtoto hata kabla ya korona. Hali ya dharura iliwapa tu sababu mpya ya kufunga mlango.

Nani atasaini karatasi?

Kisheria, Congo haianzi na mikono mitupu. Kifungu cha 49 cha katiba kinasema kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kupata hatua za pekee za ulinzi kufuatana na mahitaji yake ya mwili, ya akili na ya utu. Inchi ilijiunga mwaka 2015 na mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Tangu mwaka 2019 kulikuwa na waziri mjumbe, Irène Esambo, aliyeshughulikia watu wanaoishi na ulemavu. Kilichokosekana mwaka 2020 ni sheria ya utekelezaji, ile ambayo ingemwambia gavana, meya na mkubwa wa polisi wafanye nini siku wanapoandika amri.

Lakini hata bila sheria hiyo, gavana anayeandika amri ya kufunga mji anaweza kuongeza mstari mmoja. Tatizo linaanza baada ya mstari huo: nani atathibitisha kwamba mtoto huyu ndiye anayehusika?

Ulaya jibu lilikuwa rahisi: cheti cha mganga. Hapa, waganga wanaoweza kutambua otisimu ni wachache, na wengi wao wako Kinshasa. Kivu ina vituo vya afya ya akili vinavyojulikana, kama SOSAME huko Bukavu na Tulizo Letu huko Goma, lakini watoto wengi wenye hali hii hawajafikishwa huko hata siku moja. Amri inayodai cheti cha mtaalamu itawasaidia watoto wa wazazi wenye feza, na kuwaacha nje wale wanaoishi Majengo, Birere, Kadutu au Bagira.

Kuna hatari nyingine ambayo kila Mkongomani anaifahamu. Katika inchi hii, karatasi yoyote inayofungua njia inaweza kugeuka biashara. Ikiwa kibali cha kumtembeza mtoto kinapatikana kwenye ofisi moja tu, kitauzwa. Ikiwa kinaisha kila wiki, kitauzwa kila wiki. Na polisi wa barabarani anaweza kukikataa hadi apewe kitu. Ruhusa iliyoandikwa vibaya inaweza kuwa njia mpya ya kumsumbua mzazi.

Njia nyepesi ipo, na miji hii imekwisha kuitumia kwa mambo mengine. Kila eneo la afya lina waganga wake na wahamasishaji wake wa mtaani, wale wanaopita nyumba kwa nyumba wakati wa chanjo ya polio. Wakati wa Ebola, Beni na Butembo zilijifunza kwa uchungu kwamba amri isiyopitia kwa watu wanaojulikana mtaani haifuatwi. Muuguzi wa kituo cha afya, mwalimu wa shule aliyosoma mtoto, na shefu wa avenyu wanamjua mtoto huyo kuliko mtaalamu yeyote. Barua fupi yenye sahihi ya wawili kati yao, bila malipo, isiyo na tarehe ya kuisha hadi mwisho wa hali ya dharura, ingetosha. Faida yake si karatasi tu: ili kusaini, shefu wa avenyu atakuwa amemwona mtoto, na avenyu itakuwa imesikia jina la hali yake.

Yanayowezekana hata kabla ya amri

Wakati wakubwa walipokuwa wanangojewa, mambo kadhaa yalikuwa mikononi mwa jamii.

La kwanza ni nafasi. Viwanja vya shule na vya parokia vilikuwa tupu tangu mwezi wa tatu mwaka 2020. Kumruhusu mtoto mmoja na mzazi wake waingie nusu saa asubuhi hakukuvunja sharti la watu 20, wala hakukuhitaji feza. Kulihitaji mwenye ufunguo akubali. Wakubwa wa shule na mapadri wangeweza kupanga zamu: familia moja saa kumi na mbili na nusu, nyingine saa moja. Ukuta wa shule unafanya kazi ambayo mzazi hawezi kuifanya peke yake barabarani, kuzuia mtoto asitoroke.

La pili ni saa. Alfajiri barabara ina pikipiki chache na kelele kidogo. Mahali pasipo kiwanja, kutembea mapema, kwa njia ile ile kila siku, kunampa mtoto kile alichopoteza shule zilipofungwa: mpango. Wanaofanya kazi na watoto hawa wanashauri kumwonyesha njia kwa picha kabla ya kutoka, na kumalizia kila mara mahali pamoja, ili ajue safari ina mwanzo na mwisho.

La tatu ni usalama wa mtoto mwenyewe. Mtoto asiyesema afaa kuwa na jina la mzazi na namba ya simu, yameshonwa ndani ya nguo, mahali anayemwokota anaweza kuyapata lakini mpita njia hayasomi. Kwa familia zilizo karibu na ziwa au mto Ruzizi, njia ya kutembea ichaguliwe kwa kugeuzia maji mgongo. Na mlango wa parsele uwe na komeo juu, mbali na mkono wa mtoto.

La nne ni maski. Mtoto anaweza kuizoea polepole: kuishika kwanza, kuona mama ameivaa, kuiweka usoni kwa hesabu ya tano, halafu kumi. Wengine hawataizoea kamwe. Kwao, anayemsindikiza avae yake, na wakae mbali na watu. Polisi waelezwe hivyo na wakubwa wao, si na mzazi anayetetemeka kwenye kizuizi cha barabarani.

Kinachongojewa

Mwaka 2020 hali ya dharura ilikuwa ikirefushwa siku 15 baada ya siku 15. Kila mara iliporefushwa, kulikuwa na nafasi ya kusahihisha. Magavana wa Kivu mbili, Ituri, Tanganyika na Haut-Katanga wangeweza kuandika mstari huo bila kungojea Kinshasa, na waziri mjumbe angeweza kuwapa maneno ya kutumia ili yafanane kutoka jimbo hadi jimbo. Redio za mitaa zingeweza kuusoma kwa Kiswahili, Kinande, Mashi na Kihema, asubuhi na jioni, hadi yule anayekaa kwenye baraza lake akimwona mtoto anakimbia peke yake na baba yake nyuma afahamu anachokiona.

Hali ya dharura ya korona imepita. Lakini wakaaji wa mashariki wanajua kwamba kufungiwa nyumbani hakukupita pamoja nayo. Hapa milango inafungwa kwa sababu ya vita, ya maandamano, ya volkano na ya ugonjwa, na kila mara amri inaandikwa haraka haraka, usiku, kwa ajili ya mtu wa kawaida. Mstari mmoja ukiingia katika amri za namna hiyo, utakuwa umekwisha kuandikwa siku milango itakapofungwa tena.